Mifuko ya Mgonjwa

Inchaji aliyenipokea idara ya dharura hakuanza na mashine. Mashine zina vitabu vyake, alisema, ukikaa nazo mwezi utazizoea. Kitu cha kwanza alichonifundisha ni kupekua. Mgonjwa akiingia hajitambui, daktari yuko kichwani anashughulika na njia ya hewa, mwenzako yuko mkononi anatafuta mshipa, wewe shika nguo: mfuko wa shati, mifuko ya suruali mbele na nyuma, soksi, sidiria, pochi, ncha ya kanga iliyopigwa fundo. Kwenye fundo la kanga kuna hela, na mara nyingi kando ya hela kuna vidonge viwili vitatu vilivyofungwa kwenye kipande cha gazeti, havina jina.

Unaweza kudhani alihofia kesi za wizi, maana ndugu wakiikosa simu ya mgonjwa wao hospitali nzima itajua siku hiyo. Hilo nalo lilikuwemo. Kila kilichotoka mfukoni kiliandikwa kwenye daftari na watu wawili wakatia sahihi. Lakini shabaha yake ilikuwa nyingine. Katika hospitali ya serikali jijini Dar es Salaam nilikofanyia kazi hii miaka mingi, wagonjwa wa moyo na wagonjwa waliodhuriwa na dawa hulala vitanda jirani, na si ajabu kumkuta mtu mmoja ana yote mawili. Dawa nyingi zikizidi huua kwa kuikata pumzi au kwa kuuvuruga moyo. Na mwenye moyo mbovu anaishi kwa vidonge ambavyo vikichanganyika vibaya ndivyo vitakavyomleta kwetu. Mwili unakupa nusu ya habari. Nusu nyingine iko mfukoni, au iko mdomoni mwa mtu asiyetaka kuisema.

Sura ya mgonjwa haimo kabisa katika hesabu hiyo. Nawaambia hivyo wanafunzi wa uuguzi wanaokuja kwa mafunzo ya vitendo, na ndilo jambo wanalolikubali kwa taabu kuliko yote. Kusoma umeme wa moyo wanajifunza wiki mbili. Kuacha kumsoma mtu kwa viatu vyake kunachukua muda mrefu zaidi.

Kwa mzee hatuanzi na "unaumwa nini". Tunaanza na shikamoo, na hapo hatufanyi adabu tu. Mzee akiitika marahaba kwa sauti yake ya siku zote, papo hapo nimejua kwamba njia ya hewa iko wazi, pumzi inatosha kutoa sauti, na ubongo unapata damu kiasi cha kukumbuka desturi. Akiitika kwa vipande, anavuta hewa katikati ya neno, nanyanyua kichwa cha kitanda kabla sijagusa kitu kingine. Akinitazama bila kuitika, namwita daktari kwa sauti. Kuna kipimo rasmi cha fahamu, chenye alama kuanzia 3 hadi 15, nasi tunakijaza kwenye fomu kama inavyotakiwa. Ila fomu hujazwa baadaye.

Mzee mmoja, mwalimu mstaafu, aliitika vizuri kabisa. Alikuja kwa miguu yake, shati limefungwa vifungo hadi shingoni, na mkewe kabeba chupa ya ile dawa nyeupe ya vidonda vya tumbo. Maumivu yalikuwa kwenye chembe ya moyo tangu alfajiri. Ametapika. Amekunywa dawa yake, haikufua dafu. Njiani walipitia kwenye zahanati wakamchoma sindano ya kutuliza tumbo, nayo haikusaidia. Idara ilikuwa imefurika, na kwa maelezo yale angekaa kwenye benchi pamoja na wenye tumbo wengine. Kilichomtoa kwenye benchi ni jasho. Kola ilikuwa imelowa chapachapa na ngozi ya shingo ni ya baridi, wakati feni inazunguka juu yake na majirani zake wamejifunika vitenge.

Mtu mzima mwenye maumivu popote kati ya taya na kitovu, na jasho la baridi juu yake, anapimwa umeme wa moyo ndani ya dakika 10 tangu avuke mlango. Habari za tumbo zitafuata. Kipimo chenyewe kinatisha kwa jina tu. Ni vibandiko sita kifuani na vinne kwenye mikono na miguu, waya 10 kwa jumla, na mashine inachora picha 12 za moyo uleule kutoka pembe tofauti. Kazi ngumu ni vinyweleo na jasho. Nilimnyoa kifua, nikamfuta, kibandiko kikabanduka, nikamfuta tena, naye muda wote ananiomba radhi kwa usumbufu.

Karatasi ilipotoka, mistari mitatu inayoutazama moyo kwa chini, ile iliyoandikwa II, III na aVF, ilikuwa imeinuka. Mshipa unaolisha sehemu ya chini ya moyo ulikuwa umeziba. Sehemu hiyo imelalia kiwambo kinachotenga kifua na tumbo, ndiyo maana maumivu yake hujifanya ya tumbo na huja na kichefuchefu. Wenye mshtuko wa moyo wa upande huu wanaoingia na chupa ya dawa ya vidonda mkononi nimewaona wengi. Wanawake na wenye kisukari wanapoteza maboya zaidi, maana wengine hawana maumivu hata kidogo, wana uchovu na pumzi fupi, na nyumbani wameshaambiwa ni mawazo.

Alitafuna aspirini, miligramu 300. Tunasisitiza kutafuna ili iingie damuni haraka. Ni dawa ya bei ndogo kuliko soda, na utafiti uliochapishwa mwaka 1988, wenye wagonjwa zaidi ya 17,000, ulionyesha kwamba hiyo peke yake hupunguza vifo vya mshtuko wa moyo kwa zaidi ya moja ya tano. Wagonjwa waliopewa pia streptokinesi, dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, vifo vyao vilipungua kwa takriban mbili ya tano. Nasema haya kwa sababu bado wapo wanaoikunjia uso aspirini. Wakiletewa kidonge cha bei hiyo wanadhani hospitali imewatelekeza.

Daktari wa zamu alitaka mzee awekewe kidonge cha naitreti chini ya ulimi. Kidonge hicho hutanua mishipa na kuupunguzia moyo kazi. Lakini kuna swali lazima liulizwe kwanza, na mwalimu mstaafu hawezi kulijibu mkewe akiwa amemshika mkono. Mwanaume aliyemeza dawa ya nguvu za kiume ndani ya siku moja au mbili mishipa yake imekwisha kutanuliwa. Ukimwongezea na naitreti, presha inaporomoka. Na mshipa ulioziba ukiwa ni wa upande wa chini, chumba cha kulia cha moyo huweza kuwa kimeguswa nacho, na hapo presha iliyoporomoka inaweza isipande tena.

"Mama, naomba uende pale dirishani ukaandikishe kadi ya bima," nikasema. "Mimi nipo naye."

Alipotoka niliinama. "Baba, hapa tunamuuliza kila mwanaume, awe mchungaji awe shehe. Dawa ya nguvu, mara ya mwisho lini?"

Alitazama mlango kwanza. "Jana usiku," akasema. "Ile ya buluu. Na vumbi."

Vumbi la Kongo, unga unaouzwa vijiweni kwenye vikaratasi visivyo na maandishi. Kidonge cha chini ya ulimi kikarudi kwenye kopo lake. Alitundikiwa dripu, kwa kipimo, na presha yake ikashika. Mchana ule alipata gari kwenda Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, ambako mshipa huzibuliwa kwa waya mwembamba unaopitishwa mkononi au pajani. Taasisi hiyo ilianzishwa mwaka 2015. Kabla yake safari ya mgonjwa wa namna hii mara nyingi ilikuwa India, serikali ikimpeleka au ndugu wakichanga, na misuli ya moyo iliyokosa damu huanza kufa ndani ya nusu saa hivi, haingoji viza. Mkewe aliporudi na karatasi za bima aliuliza kama vidonda vimepasuka. Nikamwambia ni moyo. La vumbi liliandikwa kwenye faili, likaishia humo.

Swali la "unatumia dawa gani" nimeliacha. Jibu lake siku zote ni "za presha". Siku hizi nasema: naomba mfuko. Kila nyumba yenye mgonjwa wa muda mrefu ina mfuko. Zamani ulikuwa rambo. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019 umekuwa ule wa kitambaa chepesi wenye mikono, na kwa kazi yetu ni hasara kidogo, kwa sababu rambo lilikuwa halivuji na karatasi za kliniki zilikuwa zinatoka kavu. Ndani mna bahasha ndogo zilizoandikwa 1x2 kwa wino uliofifia, karata za vidonge zilizoliwa nusu, chupa ya mizizi, na mara nyingine dawa za mtu mwingine wa nyumba ileile.

Bibi mmoja kutoka Mbagala aliletwa na wajukuu wamembeba. Miguu ilikuwa imekosa nguvu tangu jana, wakadhani kiharusi. Salamu yangu aliitika kwa sauti ndogo lakini kamili, akaongeza na yake: hawajambo watoto? Mapigo ya moyo yalikuwa 34 kwa dakika. Kwenye skrini, pale ambapo pigo la moyo huchongoka jembamba, lake lilikuwa limetanuka likawa tuta.

Nikamwaga mfuko kwenye trei. Enalaprili na spironolaktoni, dawa nzuri za moyo uliochoka, zote za kliniki. Na chini kabisa, kwenye gazeti, diklofenaki ya magoti kutoka duka la dawa, ambayo wajukuu walisema ana wiki mbili anaila. Kila moja kati ya hizo tatu, kwa njia yake, huifanya figo ibakize potasiamu mwilini. Bibi alikuwa ameharisha pia, mwili umepungukiwa maji, na figo zilizokuwa zinajikongoja zikagoma. Potasiamu ni sehemu ya umeme wa misuli. Ikipanda kupita kiasi miguu hulegea, na moyo hupunguza kasi hadi usimame.

Maabara ilisema majibu ni baada ya saa moja. Daktari, binti aliyetoka chuo juzijuzi, alitazama karatasi ya moyo, akatazama trei, akasema hatungoji. Kalsiamu glukoneti, mililita 10, kwenye mshipa, taratibu. Ningependa kila anayedharau vichupa vya bei nafuu awepo siku moja kama ile. Unasukuma bomba huku macho yako kwenye skrini. Mililita mbili, hakuna kitu. Mililita tano, lile tuta linaanza kubanwa pembeni. Kabla bomba halijaisha mapigo yamechongoka, namba inasoma 41, 52, 60, na bibi anafumbua macho analalamika kwamba mkono unawaka. Kalsiamu haitoi potasiamu hata chembe. Inaukinga moyo tu, kwa nusu saa au saa moja hivi, na ndani ya nafasi hiyo unawahi kumpa insulini uniti 10 pamoja na sukari ya mshipani, unamvutisha salbutamoli, ileile ya pumu, ili potasiamu irudi ndani ya chembechembe za mwili. Kisha unatafuta namna ya kuitoa, kwa mkojo au kwa mashine ya kusafisha damu. Jibu la maabara lilipokuja lilisoma 7.9. Kawaida haizidi 5 na kidogo.

Wajukuu walitaka kwenda kumvaa mwenye duka la dawa. Sikuungana nao. Aliombwa dawa ya magoti akatoa dawa ya magoti. Kliniki ya moyo nayo ilitibu moyo. Hakuna aliyekuwa amemwaga mfuko.

Pigo la moyo linalotanuka namna ile nimeliona pia kwa waliomeza dawa kwa wingi. Klorokwini iliondolewa kwenye tiba ya malaria nchini mwaka 2001, lakini waliotutangulia kazini walikuwa wakiiogopa kuliko sumu ya panya: ilikuwa kila nyumba, wasichana wakiimeza kwa siri ili kutoa mimba, na ilikuwa ikisimamisha moyo ndani ya saa chache. Siku hizi ni amitriptilini, dawa ya sonona na ya maumivu ya neva, na hiyo angalau ina jibu: bikaboneti ya sodiamu ikiingia mshipani, pigo linarudi kuwa jembamba mbele ya macho yako. Ila lazima ujue kwamba ni amitriptilini. Tunarudi kulekule mfukoni.

Sasa mateja. Heroini ilikuwepo jijini tangu miaka ya 1980, ya kuvuta zaidi. Kujidunga kulienea kuelekea mwaka 2000. Mwaka 2011 kliniki ya methadoni, dawa mbadala ya heroini, ilifunguliwa Muhimbili, na Mwananyamala na Temeke zikafuata, na leo ukipita asubuhi utawakuta wamepanga foleni kunywa dozi yao mbele ya muuguzi kabla hawajaenda vibaruani. Watu wa mjini hawaioni foleni hiyo. Wanaoonekana ni wale wa chini ya daraja, na kila kijana mchafu mwenye michoro mkononi anawekwa katika kundi hilo.

Aliyezidisha unga, yaani heroini, anatambulika kwa mambo matatu: hajitambui, anapumua mara nne au sita kwa dakika pale ambapo angepumua 12 hadi 20, na mboni za macho zimesinyaa kama tundu la sindano. Usiku mmoja kijana alishushwa na bajaji, na dereva hakuzima hata injini. Pekupeku, michoro, makovu ya sindano kwenye mkunjo wa kiwiko. Mlinzi alitangulia kumpa ugonjwa: "Teja huyo." Mboni zilikuwa ndogo vilevile. Naloksoni, dawa inayoiondoa heroini mahali ilipojishika kwenye ubongo, ilikuwa imekwisha kuvutwa kwenye bomba.

Lakini shati lilikuwa limelowa. Mate yalimtiririka na povu, suruali ina mkojo, na kifua kilikuwa kinachemka kiasi cha kusikika bila kipimo masikioni. Mwenye unga kwa kawaida halowi namna ile, na kifua chake mara nyingi huwa kimya, kimya hicho ndicho kinachotisha. Mapigo yalikuwa 48. Na palikuwa na harufu ile ya shambani watu wakimaliza kupulizia nyanya. Mfukoni hapakuwa na kete wala sindano. Palikuwa na kifuniko chekundu cha chupa na risiti ya duka la pembejeo ya siku ileile.

Dawa za wadudu za jamii ya organofosfeti nazo husinyaza mboni. Huzuia kimeng'enya kinachozima ishara za neva, kwa hiyo kila tezi inafunguka kwa mpigo: machozi, mate, jasho, na maji ndani ya mapafu. Mtu anazama kwenye maji yake mwenyewe. Naloksoni hapo haina kazi. Anahitaji atropini, na anahitaji nyingi kuliko mwanafunzi anavyoweza kuamini. Miligramu mbili, baada ya dakika 5 unasikiliza kifua. Bado kinachemka, nne. Bado, nane. Mboni hatuzifuati, tunafuata mapafu, na hatupunguzi mpaka yakauke. Vichupa vyetu vilikuwa vya miligramu moja moja, kwa hiyo ilikuwa kazi ya kuvunja shingo za vioo, kichupa baada ya kichupa, mpaka glavu ikapasuka kidoleni. Mwenzangu wakati huo alikuwa anamvua na kumwosha kwa sabuni na maji mengi, kwa sababu sumu hiyo huendelea kupenya kupitia ngozi na nguo zilizolowa, na muuguzi anayemshika bila glavu na aproni huenda naye akalazwa.

Kwamba alikuwa teja, mlinzi hakukosea. Alikuwa ameacha unga, yuko kwenye methadoni, na alichokunywa usiku ule alikunywa kwa kukusudia, kwa mambo ya nyumbani ambayo si yangu kuyaandika. Dada yake alifika saa nane usiku, akasema mdogo wake alikula chakula kibaya. Hadithi hizi tunazijua: chakula kibaya, soda iliyoingia mdudu, alikunywa akidhani ni maji. Kanuni ya Adhabu inahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa, na ndugu wanaogopa kumtoa mgonjwa wodini wakimpeleka kituoni. Wengine wamemnywesha maziwa njiani kwa imani kwamba yanakata sumu. Hayakati. Kwa mtu anayesinzia yanaingia mapafuni, nasi tunabaki na kesi mbili.

Sikubishana na dada yule. "Dada yangu, hapa hatuulizi kwa nini," nilimwambia. "Niambie kilikuwa cha rangi gani, na saa ngapi." Akafikiri kidogo. Cheupe, kizito, saa tatu baada ya taarifa ya habari. Hilo linatosha kwa tiba nzima.

Na mboni hizohizo nimezikuta kwa mzee wa heshima zake, kanzu imepigwa pasi, watoto wote wasomi wamekuja na gari zuri. Alikuwa na saratani. Wagonjwa wa taasisi ya saratani ya Ocean Road hupewa morfini ya maji kwa ajili ya maumivu, na morfini na heroini ni ndugu wa damu. Figo zake zilikuwa zimedhoofika, dozi ileile ya kila siku ikawa inajilimbikiza. Mtoto mkubwa hakutaka kulitaja jina la dawa mbele ya wahudumu. Alisema "dawa ya usingizi". Chupa tuliikuta kwenye mkoba wa mama. Hakuna mlinzi aliyesema neno.

Naloksoni ina mtego wake. Kichupa kina mikrogramu 400, na wageni wa kazi hupenda kuingiza chote kwa mkupuo waone muujiza. Muujiza wanauona: mtu anakurupuka kitandani akiwa katika arosto kamili, anatapika, anatetemeka, anatutukana mama zetu, anang'oa dripu na kutoka nje na kanula bado iko mkononi. Huyo anatembea na saa inayohesabu. Naloksoni hukaa dakika 30 hadi 90. Alichodunga kinaweza kukaa zaidi, na kama ni methadoni kitakaa zaidi ya siku nzima. Atazimika tena, safari hii uchochoroni. Kwa hiyo tunaanza na mfuko wa kupumulia na oksijeni, kwani kinachomuua ni kukosa hewa, kisha tunampa mikrogramu 40, tunahesabu pumzi, tunampa 40 nyingine. Akifika 12 kwa dakika tunamwacha alale huku tukimwangalia. Mgonjwa wa namna hii akikoroma kidogo na kunung'unika ukimgusa, mimi roho yangu imetulia.

Wanaoleta mateja ni mateja wenzao, na wengi humbwaga mlangoni wakatokomea, kwa kuogopa polisi. Mmoja alibaki. Alisimama kwenye fremu ya mlango, kofia mkononi, mpaka mwenzake aliporudisha pumzi. Nilimfuata nikamuuliza, kaka, alipiga kiasi gani. Kete moja, akasema, kama zamani. Ila zamani ilikuwa kabla hajafungwa. Ametoka gerezani juzi.

Pale nikaelewa. Mwili uliokaa miezi bila unga husahau kuuvumilia, na dozi iliyokuwa ya kawaida inakuwa ya kuua. Wiki za kwanza baada ya kutoka gerezani, au baada ya kutoka nyumba ya kuacha dawa, ndizo za hatari kuliko zote, na sijawahi kukutana na mfungwa aliyeambiwa hivyo getini.

Walikuwa wamemmwagia maji, wamempiga makofi, wamemwekea chumvi mdomoni. Akaniuliza ile sindano inauzwa wapi, na bei gani. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza tangu mwaka 2014 kwamba watu wanaoweza kushuhudia mtu akizidiwa na dawa hizi wapewe naloksoni na wafundishwe kuitumia, na hakuna anayeshuhudia zaidi ya kijana huyu na wenzake wa maskani. Kwenye duka la dawa la mtaani kwao hataipata. Nikamwambia hivyo, kisha nikampeleka kwenye kitanda kilichokuwa wazi nikamwonyesha anachoweza kufanya bila sindano: kunyanyua kidevu, kuziba pua, kupuliza pumzi moja kila baada ya sekunde 5, na akianza kupumua mwenyewe kumgeuza ubavu ili asipaliwe na matapishi. Alirudia kwa mto, akakosea kidevu, akarudia tena.

Halafu akaomba nauli. Nilimpa elfu mbili. Mwenzangu wa zamu alicheka, akasema hela hiyo inaenda moja kwa moja kwenye kete. Inawezekana. Kidevu alikuwa ameshakipatia.